Ndugu Yangu na Kwaya ya Wazee wa Wales

Mwaka ule ndugu yangu alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili, na bado alikuwa anakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha kelele. Kilikuwa kikavu na kifupi, kama mtu anayesafisha koo apate kusema jambo, halafu asiseme. Tulikuwa tumekizoea. Nikiwa jikoni nilijua ameingia uani kabla hajabisha mlango.

Kazi yake ilikuwa kukata mawe. Karakana yao ilikuwa upande wa viwandani, kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati, na mawe makubwa ya granaiti yaliletwa pale kwa lori. Waliyakata kwa mashine na kuyasugua kwa grinda mpaka yang'ae, yakawa meza za jikoni katika maghorofa mapya. Vipande vilivyobaki vilichongwa vikawa mawe ya makaburini. Alianza kazi hiyo akiwa kijana asiye na ndevu. Jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na mama yetu, wakati huo akiwa hai, alimsimamisha nje akamkung'uta kwa kanga kabla ya kumruhusu aingie. Wingu lilipanda pale mlangoni, mama akapiga chafya, sisi tukacheka. Tulimwita mzungu wetu.

Tulikuwa tumezaliwa mtaa wa Makongeni, katika nyumba ambayo baba alipewa akifanya kazi ya reli. Baba alitoka magharibi mwa nchi na begi moja na kitabu cha nyimbo chenye noti za solfa, na kila Jumapili baada ya chakula alitukalisha mezani tukasoma do, re, mi kabla ya kuruhusiwa kwenda kucheza. Mimi nikaangukia sauti ya pili. Ndugu yangu sauti ilipovunjika tulidhani ataimba besi kama baba, lakini ikapanda badala ya kushuka, ikatulia kwenye sauti ya tatu, ile nyembamba ya wanaume, na ikakaa huko. Haikuwa sauti kubwa. Ila akiimba, watu waliokuwa wakinong'ona nyuma ya kanisa walinyamaza, wala hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Yeye na mkewe na binti yao walihamia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, mimi nikabaki Makongeni na kazi yangu ya ukarani shuleni. Kifua kilipomzidi, akawa anapitia kwangu akitoka kazini, anakaa kidogo kabla ya kwenda kuzikabili zile ngazi. Alisema ananisalimia tu. Nilikuwa nampa chai, nasubiri rangi irudi midomoni.

Siku moja ya Jumamosi alikuwa amekaa hapo kwenye kochi, viwiko juu ya magoti, maana akiegemea nyuma pumzi ilikuwa inamkatikia, ndipo mwalimu wa kwaya akaingia. Mwalimu wetu ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikwenda moja kwa moja.

"Kuna wageni wanakuja," akasema. "Kwaya ya wanaume kutoka Wales. Kanisa lao na letu ni marafiki. Watafanya tamasha hapa kwetu, Jumapili alasiri. Sasa, waliletewa ile video tuliyoimba kwenye mazishi ya mzee wa kanisa, wakauliza huyu wa sauti ya tatu ni nani. Wanataka awe mwimbaji wao mgeni. Yeye mbele, wao nyuma."

Video ile ilikuwa ya zamani. Ndugu yangu alikuwa hajasimama na kwaya kwa muda mrefu, na kila akiulizwa alijibu kwamba kazi zimembana. Nilimwangalia nikingoja aseme hivyo tena.

"Nyimbo ngapi?" akauliza.

"Mbili. Mmoja wa kwao, mmoja wa kwetu."

"Nitaimba."

Mkewe aliposikia hakupaza sauti. Ni mwanamke anayesuka nywele kutwa nzima akisikiliza shida za watu, na amejifunza kusema kidogo. Tulikuwa kwao Pipeline, nguo zikining'inia dirishani, jirani wa ghorofa ya mkabala karibu tungeweza kumshika mkono. Alikuwa anamsuka binti yao, na hakuinua macho.

"Utaimba kwa mapafu ya nani?" akamuuliza.

"Haya haya."

"Haya haya yanayoshindwa kukufikisha mlangoni?"

"Kwenye kuimba hakuna ngazi," ndugu yangu akasema, akijaribu kucheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi. Mkewe akangoja kiishe, kisha akaendelea kusuka.

Alifanyia mazoezi kwangu. Mwalimu alimletea karatasi za ule wimbo wa wageni, na ndugu yangu alipozifungua aliniita nije nione. Juu ya maneno yale ya Kiwelisi, ambayo hatukuweza hata kuyatamka, zilikuwa zimepangwa herufi za solfa, na nukta na vistari vyake, sawasawa na katika kitabu cha baba.

"Wanaandika kama sisi," akasema.

"Sisi ndio tunaandika kama wao."

"Sawa. Lakini ona, naweza kuusoma."

Tuni aliishika siku hiyo hiyo. Maneno ndiyo yaliyomtesa. Mwalimu alitutumia sauti kwa simu, sisi tukawa tunaandika tunavyosikia, kwa tahajia yetu ya Kiswahili. Kuna sauti moja wanaitoa kwa kupuliza hewa pembeni mwa ulimi, na wimbo ule ulijaa sauti hiyo. Mimi niliiona ya kuchekesha. Kwake kila neno lenye mpulizo huo lilimwachia pumzi kidogo zaidi ya lile lililotangulia. Alianza kutia alama kwa penseli mahali pa kuvuta pumzi. Mwanzoni alama zilikuwa mwisho wa mistari. Baada ya wiki zikaingia katikati ya mistari. Baadaye zikawa katikati ya maneno, na nilipomwambia kwamba hivyo wimbo utasikika umekatwakatwa, alisema nisihangaike, atazificha. Na kweli alizificha. Nilikuwa nimekaa mbele yake na karatasi mkononi, nikijua ni wapi atapumua, na bado sikumsikia akipumua.

Wageni walifika Jumamosi kwa basi la kukodi, wakateremka mmoja mmoja wakishikilia reli ya mlango. Nilikuwa nimetegemea vijana. Walikuwa wazee, karibu wote. Wanaume wa vichwa vyeupe na magoti mabaya, wamevaa bleza za rangi moja na tai katika jua lile. Wamama wa kanisa waliwaonea huruma, wakawakalisha kivulini na soda. Lakini waliposimama ukumbini kujaribu sauti, wakafungua vinywa, nilihisi besi yao katika benchi nililokalia. Mwalimu wetu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ndugu yangu alisimama mbele yao na shati lililopigwa pasi na mkewe. Waliupitia wimbo wa kwanza mara moja. Mwongozaji wao, mtu mwembamba aliyeongea kwa upole, alimwambia hana la kurekebisha. Kisha akasema wapumzike, na hapo ndugu yangu akajiinamia kando ya piano, akaanza kukohoa.

Sisi wa kwaya tukajifanya tunapanga viti. Ni mzee mmoja wa upande wa besi aliyegeuka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, na tangu asubuhi alikuwa amefanya urafiki na kila mtu kwa sababu ya bango letu la solfa ukutani. Alikuwa akilionyesha kwa kidole akiimba noti, watoto wakimjibu. Sasa alisimama kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Kikohozi kilipokwisha alisogea. Kiingereza chake kilikuwa na mawimbi yake, ikabidi tumtegee sikio vizuri.

"Samahani, rafiki yangu," akasema. "Unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe," ndugu yangu akajibu. "Granaiti."

"Kwa maji, au kavu?"

"Kavu. Maji yanakuwa ya shida kule."

Mzee aliweka kiganja kifuani mwake mwenyewe. Nikadhani ni yeye anayeumwa.

"Baba yangu alichimba makaa ya mawe," akasema. "Na ndugu zake wawili. Nyumba yetu yote ilikuwa na kikohozi hicho. Nilikuwa naweza kukijua nikiwa nje barabarani."

Mimi nilitaka kuingilia, niseme kwamba ni kifua kikuu, kwamba ametibiwa. Ndugu yangu alinitangulia.

"Walipona?"

Mzee alimtazama usoni. Nampa heshima kwa hilo, hakutazama kando.

"Hapana," akasema. "Vumbi likishaingia halitoki."

"Kwenu hakuna dawa?"

"Ya kuliondoa, hapana."

Ndugu yangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akamshukuru. Kisha mwongozaji akapiga makofi kuita watu, wakarudi mahali pao, wakaanza wimbo wetu wa Kiluhya, ambao wazee wale walikuwa wameujifunza kwa bidii na kuutamka vibaya, na ndugu yangu akawasahihisha neno kwa neno mpaka wakaupata. Tukitoka, nilimuuliza kama anamwamini mtu asiye daktari.

"Ameuliza kama ni kavu," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo."

Nilimwambia basi aache tamasha, apumzike, Jumatatu twende hospitali. Akasema Jumatatu tutakwenda.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Walikuja wa Makongeni na wa mitaa ya jirani, wengine hata si wa kanisa letu, walitaka tu kuwaona wazungu wakiimba Kiluhya. Mvua ilinyesha mwanzoni, mabati yakapiga kelele hivi kwamba wazee waliimba nyimbo mbili za kwanza bila mtu kusikia neno. Walipomaliza walicheka wenyewe. Mvua ikapungua. Mchungaji akamwita mwimbaji mgeni, na ndugu yangu akapita mbele akitembea polepole. Aliyekuwa hamjui angedhani ni madaha.

Wimbo wa Kiwelisi aliuimba wote. Sijui niuelezeje. Nilikuwa nimekwisha kuusikia kwangu sebuleni zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, lakini sebuleni hakukuwa na wanaume wale nyuma yake wakimshikilia kwa chini. Sauti yake ilipita juu yao bila kujisukuma. Wazee kadhaa walikuwa wakilia huku wanaimba, waziwazi, bila kufuta machozi. Mkewe alikuwa amekaa karibu yangu na binti yao mapajani, akiangalia mabega yake, si uso wake. Nami nilikuwa naangalia mabega pia. Yalikuwa yakipanda kila mara, juu sana.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Alipaswa kukaa kidogo, hivyo ndivyo walivyopanga, lakini mchungaji kwa furaha yake akasema twende moja kwa moja kwenye wimbo wetu, na mwongozaji akainua mkono.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, kwenye mstari ambao sauti ya tatu hupanda peke yake, alifungua kinywa na hapakutoka kitu. Hakukohoa. Alisimama tu, kinywa wazi, mkono mmoja umeshika ukingo wa piano. Mwongozaji hakushusha mkono. Aliendelea kuhesabu hewani, na wale wazee wakaendelea kuvumisha chini kwa chini, hawakuongeza wala kupunguza, wakimsubiri. Ubeti ukampita. Nilimwona yule mzee wa besi akitoka nusu hatua mbele, kisha akarudi. Mwisho kijana mmoja wa sauti ya tatu katika kwaya yetu, aliyekaa viti vya mbele, akasimama pale pale alipo na kuimba mstari uliofuata. Sauti yake ilitetemeka. Wengine wetu tukamfuata, ukumbi wote ukafuata, na wimbo ukafika mwisho ndugu yangu akiwa amesimama mbele yetu, midomo imefungwa, anatikisa kichwa taratibu kwa mdundo.

Walimpigia makofi kuliko mara ya kwanza. Wakati wa chai watu walipanga foleni kumshika mkono. Mama mmoja wa kanisa alimwambia, "Pale uliponyamaza ukatuachia sisi tuimbe, nilisisimka mwili mzima. Mliipanga vizuri sana."

"Asante, mama," ndugu yangu akasema.

Mkewe alimletea koti akamvisha. Walikwenda kukaa ndani ya basi la wageni, lililokuwa tupu, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na viti vya kuegemea, na humo ndimo ndugu yangu alimomwambia maneno ya yule mzee. Niliwaona kupitia kioo. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na ndugu yangu akawa anampapasa mgongo kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Hospitali kubwa tulikwenda Jumatatu, tukaenda na siku nyingine nyingi baada ya hapo. Daktari aliyesoma picha za kifua alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Alimuuliza alikuwa akiwaambia nini madaktari wa zamani walipomuuliza kazi. Akajibu kwamba alisema ni fundi. Daktari akasema huenda kifua kikuu nacho kilikuwepo kweli, maana vumbi la jiwe hukifungulia mlango, lakini kilicho ndani sasa ni makovu, na makovu yanaendelea kukua hata akiacha kazi leo. Alieleza kwa utaratibu, akatuchorea kwenye karatasi. Ndugu yangu aliuliza swali moja tu, kama binti yake anaweza kuambukizwa. Daktari akasema hapana. Ndugu yangu akashusha pumzi, kiasi alichoweza.

Tuliwahamisha kutoka Pipeline kuja kwangu, kwa ajili ya ngazi. Vijana wa kwaya walibeba vitu. Yeye alibebwa na wawili, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na wapangaji wakasimama milangoni kila ghorofa kuwapisha. Alikuwa na aibu. Alifumba macho mpaka chini.

Wiki hizo nilikwenda karakana kwao kuchukua vifaa vyake. Mwenye karakana hakuwepo. Walikuwepo wenzake, weupe, leso zimefungwa puani, na wawili kati yao walikuwa na kile kikohozi. Nilikijua kabla sijavuka geti. Niliwaomba wazime mashine nikawaambia kila kitu, jinsi daktari alivyotuchorea, na habari ya kukata kwa maji. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi ambazo sikuweza kujua kama ni mvi au vumbi, aliniletea mfuko wa vifaa akiwa ameufunga vizuri kwa kamba.

"Tumekusikia, dada," akasema. "Tukiacha, tufanye nini?"

Nilichukua mfuko nikatoka. Nilipofika barabarani nikasikia mashine inawashwa.

Ndugu yangu aliishi mpaka msimu wa mvua uliofuata. Mwisho alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda cha baba. Kuimba hakukuwezekana, na kuzungumza kukawa maneno mawili, kupumzika, maneno mawili. Wale wa Wales walituma salamu mara kadhaa kupitia kwa mwalimu. Mara moja walituma sauti, wote wakiimba wimbo wetu wa Kiluhya katika kanisa lao, sasa wakiutamka sawa. Mwalimu alimchezea kwenye simu. Alisikiliza hadi nusu, akanyoosha mkono akaizima.

"Kesho," akasema.

Kesho yake hakuuliza habari yake, wala siku nyingine yoyote.

Alifariki asubuhi, mkewe akimnywesha uji. Tulimzika magharibi, karibu na baba na mama. Wenzake wa karakana walikuja na lori, wakasema wamemchongea jiwe zuri, jeusi, ni zawadi yao, liko nyuma limefunikwa turubai. Mkewe akawashukuru, akawapa chakula, akawaambia warudi nalo. Wazee wa ukoo walijaribu kumsihi. Alisimama mbele yao na leso yake ya msiba kichwani na kusema jiwe halitawekwa juu ya mumewe, na kama kuna anayetaka kulijadili, ajadiliane na yeye, si na marehemu. Hakuna aliyejadili. Kuna msalaba wa mbao tu.

Wifi yangu na binti yake bado wanakaa nami. Anasuka pale mlangoni, mchana kutwa. Mimi sijarudi kwaya. Mwalimu alikuja mara mbili, hajaja tena, na simlaumu.

Mwezi uliopita yule mtu mwenye mvi alikuja. Alibisha kwa kikohozi, nikainuka kumfungulia ndugu yangu, kisha nikakumbuka. Nilimkaribisha, nikampa chai. Nilidhani anataka kujua ni daktari gani, nikaanza kumwelekeza jengo na ghorofa. Akaninyamazisha taratibu kwa kuinua mkono.

"Hapo nishaenda," akasema. "Nilitaka kukuuliza wewe, maana ulikuwepo. Ule mwisho. Aliteseka?"

Nilifikiria kumdanganya. Wifi yangu alikuwa ameacha kusuka, mteja wake amegeuza shingo.

"Ndiyo," nikamwambia. "Aliteseka."

Akaitikia. Akamalizia chai, akakirudisha kikombe jikoni mwenyewe. Nilimsindikiza hadi barabara kubwa. Njiani alinieleza kwamba wamepata kazi ya ghorofa jipya, meza za jikoni kila nyumba, na kwamba wanaanza Jumatatu. Nikamtakia safari njema, akavuka.